Kutoka insha za kukodisha hadi miongozo: Mbinu na zana za bure kwa mwandishi wa kiufundi

KARATASI iliyokunjwa ndani ya katoni ya meko. Maneno mekundu yanayojitokeza kwenye apu ya benki nenosiri likikataa. Ukurasa unaomwelekeza developa jinsi ya kuunganisha duka lake la mtandaoni na M-Pesa.

Vyote hivyo havikuota kama uyoga. Kuna mtu alikaa chini akaviandika, na akalipwa.

Kazi hiyo ndiyo uandishi wa kiufundi: kuchukua jambo ambalo mafundi wanalielewa na kuliandika kwa namna ambayo asiye fundi ataweza kulifanya mwenyewe. Huandiki ili usifiwe ufasaha. Unaandika ili mtu amalize shughuli yake aende zake, bila kukupigia simu.

Kwa nini jambo hili likuhusu wewe? Kwa miaka mingi, vijana wengi nchini wamelipa kodi ya nyumba kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Hasla hiyo sasa imebanwa pande mbili. Mwaka wa 2022, England ilifanya kuwa kosa la jinai kuwauzia wanafunzi wake huduma ya kuandikiwa kazi za masomo. Mwishoni mwa mwaka huo huo ChatGPT ikaingia sokoni, na mwanafunzi aliyekuwa akikulipa akaanza kuandikiwa na mashine kwa dakika mbili.

Kibaya zaidi, insha za kukodisha haziingii kwenye CV. Unaweza kuwa umeandika 500, lakini mwajiri akisema "nionyeshe kazi yako", huna la kuonyesha kwa sababu jina lililo juu si lako. Mwongozo ni tofauti. Unaandikwa, unachapishwa, na unaweza kutuma linki na kusema: huyu ni mimi.

Lakini tusidanganyane. Kujua kuandika insha si sawa na kujua kuandika mwongozo. Insha huvutwa hadi ifike maneno yaliyoitishwa. Mwongozo hukatwa hadi libaki lile tu linalohitajika. Aliyezoea kuvuta lazima ajifunze kukata.

Mfano wa meko

Chukua kitu ambacho kila anayeishi bedsita anakijua: kufunga kichwa cha meko kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6. Mwandishi asiye makini anaweza kuandika hivi:

"Baada ya kichwa cha meko kufungwa kwenye mtungi na kuwashwa, ni muhimu kuhakikisha kwamba gesi haivuji na kwamba madirisha yamefunguliwa."

Kisarufi, sentensi hiyo haina kasoro. Mwalimu angeipa alama. Lakini mtu anayefuata maelezo huku mikono ikifanya kazi hasomi hadi nukta. Akifika kwenye "kuwashwa", amewasha. Kufikia anaposoma kuhusu kuvuja na madirisha, amechelewa.

Sasa tazama toleo hili:

Onyo: Usitumie kiberiti kutafuta mahali gesi inapovuja.

1. Fungua dirisha. Zima kila moto ulio karibu: mshumaa, jiko la makaa, sigara.
2. Hakikisha kifungo cha meko kimefungwa.
3. Funga kichwa cha meko kwenye mtungi kwa mkono hadi kikaze.
4. Paka povu la sabuni mahali kichwa na mtungi vinapokutana.
5. Tazama povu hilo. Likitoa viputo, gesi inavuja. Usiwashe. Toa mtungi nje na umwite aliyekuuzia.
6. Kama hakuna viputo, washa kiberiti kwanza, kisha fungua kifungo polepole.

Hakuna neno gumu hapo. Kilichobadilika ni mpangilio. Onyo limetangulia hatari. Kila hatua ina kazi moja, au kazi zinazoenda pamoja. Kitenzi kimekaa mwanzoni, kwa hivyo msomaji anajua mara moja anachotakiwa kufanya. Na hatua ya tano inamwambia atakachokiona na la kufanya mambo yakiharibika.

Ukielewa mfano huo, umeelewa nusu ya kazi hii. Iwe unaandika kuhusu gesi, dawa ya kunyunyizia sukuma wiki au apu ya mkopo, kanuni haibadiliki: kosa lako halimpunguzii msomaji alama, linamgharimu pesa, muda au ngozi.

Mbinu tano kabla ya kufungua kompyuta

Kwanza, fanya kitu chenyewe. Usiandike jinsi ya kusajili akaunti kama hujasajili moja ukianza bila chochote. Mafundi huruka hatua kwa sababu wamezizoea. Wewe unalipwa kuziona hatua hizo.

Pili, jua msomaji wako yuko kwa hali gani. Anayesoma jinsi ya kurudisha pesa alizotuma kwa namba isiyo yake hana utulivu wa kusoma historia ya kampuni. Mpe hatua mstari wa kwanza. Maelezo ya "kwa nini" yaje baadaye, kama yanahitajika.

Tatu, usichanganye aina za maelezo. Daniele Procida, mtaalamu anayejulikana sana katika fani hii, hugawa nyaraka katika makundi manne kwa mfumo alioupa jina Diátaxis: somo la anayeanza, hatua za kutimiza kazi fulani, orodha ya kurejelea, na maelezo ya kukufanya uelewe. Mwongozo mwingi mbaya ni ule unaojaribu kufanya yote manne kwenye ukurasa mmoja.

Nne, kitu kimoja, jina moja. Ukiita "kifungo" kwenye hatua ya pili, usikiite "swichi" kwenye ya sita. Shuleni tulifunzwa kutumia visawe ili tusichoshe. Hapa visawe vinapoteza mtu: atadhani ni vitu viwili. Weka orodha ya istilahi kwenye faili ndogo na uifuate. Ukiandika kwa Kiswahili, orodha hiyo ni ya lazima, kwa sababu nenosiri, neno la siri na pasiwedi huenda vikatokea katika apu moja vyote vikimaanisha kitu kile kile.

Tano, jaribu kwa mtu halisi. Mpe jirani au kaka yako mwongozo, mwambie aufuate, kisha ufunge mdomo. Usimsaidie, usimwelekeze kwa kidole. Pale anapokwama, anaporudi kusoma tena au anapokuuliza "hapa wanamaanisha nini?", weka alama. Hapo ndipo penye kazi. Huhitaji umati. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta, alieleza mwaka wa 2000 kwamba watu 5 hutosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo. Watano unaweza kuwapata kwenye ploti yenu.

Zana za kuandikia

Hapa ndipo wengi huanzia, ilhali palifaa kuja baadaye. Habari njema ni kwamba zana nyingi nzuri ni za bure, na kadhaa hufanya kazi bila bando.

Kama ndio unaanza, Google Docs au LibreOffice inatosha. Google Docs inafaa pale watu wengi wanaposahihisha faili moja, kwani kila pendekezo linaonekana na unaweza kulikubali au kulikataa. LibreOffice, iliyoanza mwaka wa 2010, hukaa ndani ya laptopu yako na haidai leseni. Ukizitumia, jifunze kutumia mitindo ya vichwa badala ya kukoza na kukuza herufi kwa mkono. Mitindo hiyo ndiyo inayokuwezesha kupata yaliyomo kwa kubofya mara moja.

Ukitaka kufanya kazi na kampuni za programu, jifunze Markdown. Si programu ya kununua. Ni namna ya kuandika iliyotolewa na John Gruber mwaka wa 2004, ambapo alama ya reli huonyesha kichwa na nyota mbili kila upande hukoza neno. Faili zake ni nyepesi mno, zinafunguka hata kwenye simu. Unaweza kuzijua kanuni zake za msingi katika muda wa kusubiri matatu ijae.

Pa kuandikia hiyo Markdown ni VS Code ya Microsoft, iliyotoka mwaka wa 2015 na isiyolipiwa. Developa wengi wanaitumia, kwa hivyo utakuwa mnazungumza lugha moja.

Na ukiitishwa faili ya Word au PDF? Kuna Pandoc. Programu hii ya bure hugeuza faili kutoka umbo moja hadi jingine, na inakuondolea kibarua cha kunakili na kubandika usiku kucha.

Zana za kutunza matoleo

Kila mwandishi anazijua faili za jina "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho kabisa wa ukweli". Dawa yake ni Git, iliyoundwa mwaka wa 2005 na Linus Torvalds, yule yule aliyeanzisha Linux. Git huweka kumbukumbu ya kila badiliko: nani alibadilisha, lini, na ilikuwaje awali. Ukiharibu, unarudi nyuma.

GitHub ni mahali pa kuhifadhi kazi hiyo mtandaoni. Faida yake kwako ni mbili. Laptopu ikiibwa, kazi yako haijaenda. Pili, unaweza kuchapisha tovuti ndogo bila malipo kupitia GitHub Pages, na hiyo ikawa ndiyo linki ya kutuma kwa waajiri.

Git inatisha mwanzoni, lakini usikate tamaa. Amri tano au sita zitakutosha kwa kazi za kila siku.

Picha na michoro

Skrinshoti moja nzuri huokoa aya tatu. Kwenye Windows jaribu ShareX, na kwenye Linux jaribu Flameshot. Zote mbili ni za bure na hukuruhusu kuchora mshale na kuweka namba juu ya picha. Kwa michoro inayoonyesha mtiririko wa hatua, tumia draw.io.

Tahadhari mbili. Usiache namba ya simu, jina au salio la mtu kwenye skrinshoti. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na "nilikuwa naonyesha mfano tu" haitakusaidia. Tengeneza akaunti ya majaribio yenye majina ya kubuni. Ikibidi ufiche kitu, kifunike kwa kisanduku cheusi kisichopenya, kwa sababu maandishi yaliyotiwa ukungu au vigae yanaweza wakati mwingine kufumbuliwa.

Ya pili: usiweke skrinshoti kila hatua. Apu ikibadilisha rangi ya kitufe, utalazimika kupiga picha zote upya. Weka picha pale tu ambapo maneno peke yake yangempoteza mtu.

Zana za kukagua na kuchapisha

Kwa Kiingereza, LanguageTool na Grammarly husaidia kunasa makosa ya kawaida. Chombo ambacho waandishi wa kiufundi hupenda zaidi ni Vale. Hiki hakikagui sarufi kama mwalimu, bali kanuni ulizokipa: kama umeamua kusema "bofya", kitakukumbusha kila ulipoandika "gonga". Ni cha bure.

Kanuni zenyewe huna haja ya kuzibuni. Google na Microsoft wameweka wazi miongozo yao ya mtindo ambayo yeyote anaweza kuisoma. Kwa Kiswahili, kuwa na kamusi karibu, kwa mfano Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, na uendelee kujaza ile orodha yako ya istilahi.

Ukifika kiwango cha kuchapisha mwongozo mzima, MkDocs, Docusaurus na Sphinx hugeuza rundo la faili za maandishi kuwa tovuti yenye menyu na sehemu ya kutafuta. MkDocs ndiyo rahisi kwa anayeanza. Kama unaandika kuhusu API, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuzungumza na nyingine, jifunze Postman ili ujaribu kila ombi mwenyewe kabla ya kuliandika. Safaricom ina tovuti ya Daraja yenye sehemu ya majaribio ambapo unaweza kufanya mazoezi ya API za M-Pesa bila kugusa pesa za mtu.

Utasikia pia kuhusu MadCap Flare, Adobe FrameMaker na Oxygen XML. Ni zana nzito za kampuni kubwa, na ni za kulipia. Usiuze godoro ili uzinunue. Mwajiri anayezihitaji atakupa leseni.

Vipi kuhusu akili unde?

Itumie, lakini ijue. ChatGPT na wenzake ni wepesi wa kupanga mawazo, kufupisha sentensi na kukuuliza maswali ambayo msomaji angeuliza. Udhaifu wao ni kwamba hawajawahi kufunga meko. Wanaweza kukuandikia kwa kujiamini kitufe ambacho hakipo kwenye apu, au kupanga hatua ya tano kabla ya ya tatu.

Ndiyo maana kazi hii haijafa kama ile ya insha. Insha ikikosea, mwalimu ataweka alama nyekundu. Mwongozo ukikosea, mteja atapoteza pesa na kampuni itapoteza mteja. Lazima awepo mtu aliyejaribu kila hatua na anayeweza kusema "nimeiona ikifanya kazi". Pia, usibandike siri za mteja wako kwenye mashine hizo kama hajakuruhusu.

Pa kuanzia bila kujuana na mtu

Google ina kozi za bure za uandishi wa kiufundi mtandaoni ambazo unaweza kuzimaliza kwa siku chache. Jumuiya ya Write the Docs, iliyoanza mwaka wa 2013, huwakutanisha waandishi wa nyaraka kutoka nchi mbalimbali na hutangaza nafasi za kazi. Outreachy hutoa mafunzo ya kazini yenye malipo katika miradi ya programu huria, na baadhi ya kazi zake ni za nyaraka. Soma masharti yake kwanza, kwani inalenga watu wanaobaguliwa au walio wachache katika sekta ya teknolojia.

Programu huria ndiyo shule nzuri zaidi. Chagua moja unayoitumia, fuata maelezo yake, na uandike kila mahali ulipokwama. Kisha rekebisha sehemu moja ndogo na uwatumie wenyewe. Ikikubaliwa, jina lako litabaki pale hadharani. Usisubiri uwe bingwa: mgeni huona mashimo ambayo mwenyeji ameshazoea kuyaruka.

Kuna neno moja kuhusu malipo. Usikubali kulipwa kwa neno. Kazi yako ni kufupisha, sasa itakuwaje ulipwe zaidi ukirefusha? Elewana na mteja kwa mradi au kwa saa, na muandikiane: kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi, nani atakujibu maswali ya kiufundi, na utalipwa lini. Akikuitisha pesa "za usajili" ili akupe kazi, huyo si mteja. Mpotezee.

Wiki hii, chukua kifaa au apu moja ambayo watu wa kwenu hukuuliza kila mara jinsi ya kuitumia. Pengine ni mita ya tokeni za stima, au simu mpya ya shosho. Andika hatua zisizozidi kumi. Mpe mtu mmoja azifuate huku umenyamaza, urekebishe, kisha umpe wa pili. Wa tano akimaliza bila kukuuliza swali, uchapishe na uweke jina lako juu.